Mcheza Kwao Hutunzwa: Mpira wa Dunia na Kiwanja cha Mbinga

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa wilaya za Mbinga na Nyasa)

Meli iondokapo Mbamba Bay na kukata maji kuelekea magharibi hufika Nkhata Bay, katika nchi ya Malawi. Kaskazini ya hapo iko wilaya ya Rumphi, ambayo nayo hunawa miguu katika maji haya haya ya Ziwa Nyasa. Huko ndiko nyumbani kwa ndugu wawili wa kike, Tabitha na Temwa Chawinga, ambao majina yao leo yanajulikana popote pale mpira wa wanawake unapochezwa. Temwa, aliye mdogo, alikwenda kucheza Sweden, kisha China, na mwaka 2024 akajiunga na klabu ya Kansas City Current nchini Marekani. Msimu huo huo alifunga mabao 20, idadi ambayo mchezaji yeyote hakuwa ameifikia kwa msimu mmoja katika ligi ya wanawake ya nchi hiyo, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka 2025 akachaguliwa tena.

Uwanja wa klabu hiyo nao una habari yake. Ulifunguliwa mwezi Machi 2024. Una viti 11,500, nao ni wa kwanza duniani kujengwa mahususi kwa ajili ya klabu ya wanawake wa kulipwa. Wamarekani wameujenga uwanja huo, na binti wa Ziwa Nyasa ndiye anayewainua vitini.

Habari hiyo inazaa maswali mawili. La kwanza: imekuwaje hata Wamarekani, watu ambao kwa muda mrefu waliuona mpira wa miguu kuwa mchezo wa wageni, wakafikia hatua ya kumwajiri binti wa mwambao wa Nyasa ili awachezee? La pili ni zito zaidi, nalo linawahusu walimu na watumishi wa umma wa upande huu wa ziwa: imekuwaje binti wa ng'ambo akafika, lakini wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, aliyekua kwa samaki wa ziwa lile lile, jina lake halijasikika huko?

Mpira ulivyofika ziwani

Neno utandawazi lilienea vinywani mwa watu tangu miaka ya 1990, lakini jambo lenyewe ni la kale. Sheria za mpira wa miguu ziliandikwa London mwaka 1863. Haikupita miongo mingi mchezo ukawa umekwisha kufika Unguja, ambako vijana wa shule ya Kiungani, iliyokuwa mali ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, waliucheza tangu karne ya 19. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyoweka makao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, na kutoka Likoma ikatandaza makanisa na shule katika mwambao huu hadi Liuli. Katika nyanda za juu, Wabenediktini waliofungua Peramiho mwaka 1898 walifanya vivyo hivyo kwa upande wao. Kigonsera pakawa mahali pa elimu. Na mmoja wa vijana waliosoma hapo ni Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa awamu ya tatu, na ambaye uwanja mkubwa wa taifa uliofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2007 una jina lake.

Jambo la kuzingatia hapa ni hili: katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mpira na ubao wa kuandikia vilifika katika chombo kimoja. Mchezo huu haukuanza kuwa mali ya matajiri wala ya makampuni. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa shule, na mlezi wake wa kwanza alikuwa mwalimu.

Wakoloni walitaraji kwamba mpira ungewafundisha Waafrika kutii kipenga. Waafrika waliuchukua wakaugeuza kuwa chombo cha kujumuika na kujitambua. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, wakati ambapo Mwafrika hakuwa na mahali pengi pa kuchagua viongozi wake mwenyewe isipokuwa katika chama chake cha mpira au cha ngoma. Na wananchi wa Songea walipoipa timu yao jina la Majimaji, waliliweka katika jezi jina la vita ya mwaka 1905 hadi 1907. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa taifa katika miaka ya 1980, na tena mwaka 1998. Mkoa wa Ruvuma, ambao wengi waliuhesabu kuwa mwisho wa dunia, uliwahi kuwa juu ya wote. Hilo lisisahauliwe.

Wamarekani walivyojifunza

Wapo wanaodhani kwamba Wamarekani waliugundua mpira juzi, alipofika Lionel Messi. La hasha. Neno lao la kuutaja mchezo huu ni lile lile ambalo Waswahili wamelifanya "soka", nalo lilizaliwa Uingereza kwa wanafunzi wa karne ya 19. Marekani ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1930. Mwaka 1950, huko Belo Horizonte nchini Brazil, iliifunga Uingereza bao 1–0, na dunia nzima ikashangaa. Mfungaji alikuwa Joe Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekuwa akisoma New York huku akiosha vyombo hotelini ili apate riziki. Hivyo tangu wakati huo mpira wa Marekani ulisimama kwa miguu ya wahamiaji.

Lakini ushindi huo haukuota mizizi. Wafanyabiashara walijaribu njia nyingine. Walianzisha ligi mwaka 1968, na mwaka 1975 klabu ya New York Cosmos ikamnunua Pelé; baadaye akafuata Franz Beckenbauer wa Ujerumani. Mwaka 1977 Cosmos iliingiza watazamaji zaidi ya 77,000 katika mchezo mmoja. Magazeti yakaandika kwamba mpira umeiteka Marekani. Miaka saba tu baadaye, baada ya msimu wa 1984, ligi hiyo ilikufa. Klabu zilikuwa nyingi kupita kiasi, gharama za nyota zilizidi mapato, na chini yake hapakuwa na msingi wa kutosha. Nyumba ilianza kuezekwa kabla ya kuchimbiwa nguzo.

Wakati wenye fedha wakihangaika na paa, nguzo zilikuwa zikichimbwa mahali pengine, bila ya tarumbeta. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo haikutaja mpira wa miguu. Lakini shule ilipotakiwa kuwapa wasichana nafasi ya michezo sawa na wavulana, mchezo uliokuwa rahisi kuanzishwa ulikuwa huu. Katika mwaka wa masomo 1971–72 wasichana waliocheza soka katika timu za shule za sekondari za Marekani walikuwa takriban 700. Kufikia mwaka 2019 walikuwa wamekaribia laki nne.

Matunda yake yalionekana. Marekani ilitwaa Kombe la Dunia la wanawake mara nne: 1991, 1999, 2015 na 2019. Fainali ya mwaka 1999, mjini Pasadena, ilitazamwa uwanjani na watu 90,185. Wengi wao walikuwa watoto na wazazi wao, na wengi wa watoto hao walikuwa wenyewe ni wachezaji wa timu za shule na za mitaa.

Kwa upande wa wanaume, Marekani iliandaa Kombe la Dunia mwaka 1994, na watazamaji zaidi ya milioni 3.5 waliingia viwanjani. Ligi mpya, MLS, ilianza mwaka 1996 ikiwa na klabu 10. Mwaka 2025 zilikuwa 30, pamoja na zile za Kanada. Wahamiaji kutoka Meksiko, Amerika ya Kati, Karibi na Afrika walijaza viti na vikosi. Mwaka 2018 Marekani, Kanada na Meksiko zilikabidhiwa Kombe la Dunia la 2026, la kwanza lenye timu 48 na michezo 104. Messi alipofika Inter Miami mwaka 2023 alikuta nyumba imekwisha kusimama. Yeye alikuja kupaka rangi.

Fundisho ni wazi. Fedha zinaweza kununua nyota na kuvuta watazamaji kwa msimu mmoja au miwili. Kinachoufanya mchezo uwe mali ya watu ni shule, watoto na ratiba inayofuatwa mwaka hadi mwaka.

Dosari ya Wamarekani

Pamoja na hayo, haifai kuiga kila kitu. Mpira wa vijana wa Marekani una dosari kubwa, nayo wenyewe wanaikiri: katika klabu nyingi za vijana mzazi ndiye anayelipa. Hulipa ada, hulipa safari, hulipa sare. Mtoto wa maskini mwenye kipaji hubaki nje ya ua, akitazama.

Mfano wake ni wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Bernard Kamungo alizaliwa mkoani Kigoma, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa wazazi waliokimbia vita nchini Kongo. Alikulia hapo akicheza peku mpira wa kufunga kwa mikono, kama watoto wa vijiji vyote vya Tanzania. Mwaka 2016 familia yake ilihamia Abilene, katika jimbo la Texas. Klabu ya North Texas ilipofungua majaribio kwa yeyote aliye tayari kulipa ada, ndugu yake ndiye aliyemlipia. Kutoka hapo alipanda hadi FC Dallas, na tarehe 20 Januari 2024 alivaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia.

Watu husimulia habari hiyo kama hadithi ya bahati, na kweli ina bahati ndani yake. Lakini mtumishi wa umma ana wajibu wa kuuliza swali la upande wa pili. Je, ndugu asingekuwa na fedha ile ya ada? Na kwa kila Kamungo mmoja aliyelipiwa, ni wangapi waliobaki Nyarugusu na miguu ile ile, ila hawakuwa na mtu wa kuwaona? Taifa haliwezi kupanga maendeleo yake kwa kutegemea bahati ya familia moja.

Kahawa na wachezaji

Wananchi wa Mbinga hawahitaji kufundishwa maana ya soko la dunia. Wanalijua kupitia kahawa. Mkulima wa Kimatengo hupalilia, huchuma, humenya, huosha na kuanika. Sehemu kubwa ya kahawa yake huondoka ikiwa ghafi, hukaangwa na kufungashwa ng'ambo, na huko ndiko bei yake inapopanda mara nyingi kuliko ile iliyolipwa shambani. Mnywaji wa Marekani hufurahia kikombe chake bila ya kujua mlima uliokizaa.

Mpira wa dunia una tabia hiyo hiyo. Kipaji huokotwa kikiwa kibichi, hukaangwa Ulaya au Marekani, na kisha huuzwa kwa walimwengu kwa njia ya televisheni. Jumamosi jioni, Mbinga mjini kama Mbamba Bay, vijana hulipa kiingilio na kubanana katika vibanda umiza kutazama ligi ya Uingereza. Wanawajua walinzi wa Arsenal na Liverpool kuliko wanavyowajua vijana wa kata ya jirani. Jezi wanazovaa zimeshonwa mbali. Na simu, ambayo ingeweza kumsaidia kijana kuulizia bei ya mazao, humfungulia mlango wa kubeti. Ule wanaouita "mkeka" ukichanika, fedha ya mbolea imekwenda nao. Hivyo Mbinga hutoa mara tatu: hutoa macho yake, hutoa fedha zake, na mara nyingine hutoa watoto wake. Inarudishiwa nini?

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba dawa ni kufunga mlango. Hilo haliwezekani, na hata kama lingewezekana, lisingefaa. Mkulima aliyeshinda shambani ana haki ya kuburudika kwa mchezo mzuri, uwe unachezwa Songea au Manchester. Zaidi ya hayo, mlango huo huo ndio aliopitia Mbwana Samatta, aliyetoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Ndio mlango aliopitia Nizar Khalfan, mzaliwa wa Mtwara, aliyechezea Vancouver katika ligi ya Marekani na Kanada mwaka 2011. Mtwara ni mwanzo wa barabara ile ile ya Kusini ambayo, baada ya Songea na Mbinga, humalizikia ziwani, Mbamba Bay. Barabara hiyo ina pande mbili.

Hoja basi si kuuzuia utandawazi wa mpira. Hoja ni kujua namna ya kuukinga.

Hekima ya ngoro

Wamatengo walikabiliwa na jambo la namna hii zamani, wala hawakulitatua kwa vitabu vya wageni. Milima yao ina mteremko mkali na mvua nyingi. Mvua haizuiliki; ikiachwa, huchukua udongo na rutuba hadi bondeni. Wao walifyeka nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokatana, wakachimba udongo wa katikati na kuzifukia. Yakapatikana mashimo ya ngoro, safu juu ya safu, yanayoyakamata maji pale pale yanapoanguka. Mvua ni ile ile. Tofauti ni kwamba mlima una mahali pa kuipokea.

Utandawazi ni mvua. Katika mpira, ngoro ni kiwanja cha shule, ratiba ya michezo, mwalimu anayejua anachofundisha, na daftari la kumbukumbu. Palipo na hivyo, fedha na sifa za dunia hukamatwa na kulowesha mizizi. Pasipo na hivyo, zote huteremka bondeni, na kipaji huenda nazo.

Na Tanzania ina ushahidi wake yenyewe. Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika mwaka 1980 huko Lagos, kisha ikakaa miaka 39 hadi iliporudi mwaka 2019 huko Misri. Katikati ya kipindi hicho, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya michezo shuleni yalisimamishwa nchini kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Yalirudishwa baada ya miaka kadhaa, lakini kundi zima la wanafunzi lilikuwa limekwisha kupita bila ya UMITASHUMTA wala UMISSETA. Nia ilikuwa kulinda elimu. Ilisahauliwa kwamba michezo nayo ni sehemu ya elimu.

Upande wa pili wa ushahidi ni wa kufurahisha. Mwaka 2022 mabinti wa Serengeti Girls, wenye umri chini ya miaka 17, walikwenda India katika Kombe la Dunia la umri wao. Waliifunga Ufaransa mabao 2–1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Ni mabinti wa shule na mitaa, wala hawakuletwa na tajiri. Walichohitaji ni kuonekana mapema na kufundishwa.

Kazi iliyo mbele

Nini basi kifanyike, na nani akifanye? Yapo mambo manne, na yote yamo katika mamlaka ya watu wa wilaya.

Kwanza ni ardhi. Kiwanja cha shule hakiibwi kwa siku moja. Huanza kwa njia ya mguu inayokatiza, ikaja bustani pembeni, ikaja banda, na mwisho ikaja nyumba. Mwalimu mkuu anapostaafu, anayepokea hukuta nusu ya kiwanja na hana karatasi ya kuidai nusu nyingine. Ofisa ardhi na ofisa elimu wakikaa meza moja, wakapima na kuweka mawe ya mipaka katika kila shule, watakuwa wameufanyia mpira wa Mbinga jambo kubwa kuliko klabu yoyote ya Ulaya.

Pili ni ratiba. Kipindi cha michezo kimo katika ratiba za shule; lakini mara ngapi kipindi hicho hugeuzwa kuwa cha kubeba matofali, au cha kumalizia somo lililochelewa? Matofali yana siku yake, na hesabu ina saa yake. Mwalimu anayekiheshimu kipindi cha michezo kama anavyokiheshimu cha hesabu hulea watoto wenye afya, wanaojua kushindwa bila ya kugombana na kushinda bila ya kudharau.

Tatu ni wasichana. Mabao ya Temwa Chawinga na ushindi wa Wamarekani wa 1999 vinafundisha jambo moja: pale ambapo wasichana wamepewa nafasi, taifa limepanda haraka kuliko kwa wavulana. Sababu yake haina uchawi. Nchi nyingi zimewaacha wasichana wao nyuma, kwa hiyo anayewatangulia kuwalea hufika mbele mapema. Shule ya mwambao yenye timu mbili za wavulana na isiyo na hata moja ya wasichana inaitupa nusu ya mavuno yake ziwani. Wazazi watahofia, na hofu yao isidharauliwe. Yafaa waitwe na kuelezwa, na timu ya wasichana iwe na mwalimu wa kike wa kuisimamia na kusafiri nayo.

Nne ni kumbukumbu, na hapa ndipo mtumishi wa umma anapoweza kucheza namba yake. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya malipo hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa umri wa miaka 12 hadi wa 23. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, klabu iliyomsajili hupata asilimia 0.25 ya malipo yote; kuanzia miaka 16, hupata asilimia 0.5. Tuseme kijana kutoka Lituhi anauzwa kwa shilingi bilioni 2, naye alisajiliwa katika klabu ya kata yake kwa misimu minne, tangu miaka 12 hadi 15. Klabu hiyo ya kata ina haki ya shilingi milioni 20. Fedha hizo zinasawazisha kiwanja, zinasimamisha magoli ya chuma, na bado inabaki ya mipira.

Lakini haki hiyo ina masharti. Klabu iwe imesajiliwa na kutambuliwa na chama cha mpira, kuanzia wilaya hadi taifa. Jina la mchezaji liwe limeandikwa, pamoja na tarehe aliyoingia na aliyotoka. Shule peke yake, bila ya klabu iliyosajiliwa, haitambuliwi katika mgao huo. Kwa hiyo yafaa walimu na viongozi wa kata waunde klabu za vijana zinazoshirikiana na shule. Asiyekuwa na daftari hana cha kudai. Hata Wamarekani wenyewe, pamoja na utajiri wao wote, kwa miaka mingi hawakuidai haki hii. Ilifika mwaka 2019 ndipo ligi yao ikatangaza kwamba itaanza kuidai.

Pamoja na daftari, cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, baada ya kuwa imekwisha kufuzu. Vijana wote wa kikosi kile walipoteza safari kwa sababu ya karatasi moja isiyo ya kweli. Mwalimu anayeandika umri wa mtoto kwa uaminifu siku ya kuandikishwa darasa la kwanza analinda haki ya timu ya taifa ya miaka kumi ijayo.

Wengine watauliza, fedha zitoke wapi? Swali ni la haki. Mwaka 2021 haki za kutangaza Ligi Kuu ya Tanzania ziliuzwa kwa kampuni ya Azam kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Fedha zimo katika mpira wa nchi hii, na viongozi wa mpira wanapaswa kuulizwa, kwa adabu na bila ya kuchoka, ni sehemu gani yake inayoshuka hadi wilayani. Lakini kupima mipaka, kuheshimu kipindi, kuunda timu ya wasichana na kuandika daftari si mambo ya kungojea fedha za Dar es Salaam. Ngoro hazikuchimbwa kwa mkopo.

Ndugu walimu, ndugu watumishi wa umma,

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo ilitungwa wakati kwao na kwa watu vilikuwa mbali. Siku hizi mchezaji hutunzwa Kansas City na Dallas, na wa kwao humwona katika kioo cha kibanda umiza. Je, methali imekufa? Haijafa. Imebadilika upande: zamani ilimtaka mchezaji asiwasahau wa kwao, leo inawataka wa kwao wawe na mahali pa kumchezesha kabla dunia haijamwita, na kumbukumbu ya kuonyesha kwamba walimlea.

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilikabidhiwa uenyeji wa fainali za Afrika za mwaka 2027. Ni heshima kubwa, na viwanja vikubwa vitajaa. Lakini mchezaji wa fainali zitakazofuata baada ya hizo yumo darasani sasa, pengine Mbinga, pengine katika shule inayotazama ziwa. Anajua kupiga mpira wa matambara. Anachongoja ni mwalimu atakayepuliza kipenga saa kumi alasiri, katika kiwanja ambacho mipaka yake inajulikana, na kuandika jina lake.